Jeki Huinua, Haishikilii: Kufundisha Usalama wa Kazi Chini ya Lori

Siku moja, wakati wa mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la sita nikimwangalia mwanachuo mmoja akifundisha mashine rahisi. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Wanafunzi walitaja wenzo, kapi, kabari na parafujo, na alipowaomba mifano ya mashine zinazotumika kijijini, mmoja alisimama akajibu, "Jeki, Mwalimu." Jibu likaandikwa ubaoni, darasa likapiga makofi.

Kengele ya mapumziko ilipolia tuliwakuta wanafunzi wamelizunguka lori lililokuwa limeleta saruji ya kujengea. Breki zake zilikuwa zimeharibika. Dereva alikuwa ameling'oa gurudumu moja la nyuma, na utingo, kijana wa miaka kumi na minane hivi, alikuwa amelala chalichali chini ya ekseli. Watoto walichuchumaa karibu sana, wengine wakiinama hadi vichwa vyao vikaingia chini ya bodi. Nilimwuliza mmoja wao, "Ni nini kinachozuia lori hili lisimwangukie huyo kaka?" Akajibu bila kusita, "Jeki, Mwalimu."

Kwa mujibu wa somo alilotoka kufundishwa, mtoto yule alikuwa sahihi. Kwa mujibu wa kazi yenyewe, alikuwa amekosea, na kosa hilo hugharimu maisha. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Utingo alipotoka chini ya lori kutafuta spana, kitako cha jeki kilizama upande mmoja, jeki ikalala, na ekseli ikashukia juu ya tairi la akiba ambalo dereva alikuwa amelisukuma chini yake kwa tahadhari. Hakuna aliyeumia. Lakini pale alipokuwa amelaza kifua yule kijana, nafasi iliyobaki haikutosha kupitisha hata ndoo.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mtarajiwa kulifundisha jambo hili katika shule ya msingi kwa njia ya kutenda na kufikiri. Yaweza kuulizwa: watoto wa shule ya msingi na matengenezo ya malori wapi na wapi? Mwalimu Julius Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alisisitiza kuwa elimu ya msingi iwe kamili kwa yenyewe, isiwe matayarisho tu ya kwenda sekondari. Hoja hiyo ina uzito hapa. Wapo watoto ambao jioni huenda kwenye gereji za barabarani kushika tochi na kupokezana spana na mafundi. Na wapo ambao wamalizapo shule huanza kazi huko huko. Hao hupewa amri ya kuingia chini ya gari kabla ya kupewa maelezo yoyote. Basi yafaa maelezo watangulize kuyapata kwetu.

MAMBO AMBAYO MWALIMU MWENYEWE HANA BUDI KUYAELEWA

Hakuna awezaye kufundisha asilolijua. Kabla ya kuandaa somo, mwalimu hana budi kuelewa kwa nini lori lililoinuliwa huanguka. Sababu kubwa ni nne.

Ya kwanza ni jeki yenyewe. Jeki nyingi za malori ni za mafuta. Hufanya kazi kwa kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kanieneo inayotiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Mwaka 1795 huko Uingereza, Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo. Chukua mfano wa jeki yenye pistoni ndogo ya eneo la sentimeta 1 ya mraba, na pistoni kubwa ya sentimeta 20 za mraba. Ukiikandamiza ndogo kwa uzito wa kilo 50, kubwa itainua kilo 1,000. Lakini faida hii hailetwi bure: ili mzigo upande sentimeta 1, pistoni ndogo haina budi kusafiri jumla ya sentimeta 20. Ndiyo maana fundi hupiga mpini mara nyingi na lori likapanda kidogo kidogo.

Sasa fikiri: ni kitu gani kinachoubeba mzigo huo baada ya kupanda? Ni mafuta yaliyofungiwa. Na ni kitu gani kinachoyazuia mafuta yasitoke? Ni vali ndogo na duara la mpira. Mpira ukichakaa, au punje ya mchanga ikikaa katika vali, mafuta huvuja na mzigo hushuka, pengine polepole, pengine kwa ghafla. Jeki ya parafujo haina mafuta ya kuvuja, lakini nayo ina kitako chembamba na kichwa kidogo, hivyo ikisukumwa upande huanguka. Kwa hiyo jeki ya aina yoyote ni chombo cha kuinulia. Kushikilia ni kazi ya kitu kingine.

Sababu ya pili ni ardhi. Ikiwa jeki imebeba tani 3, yaani kilo 3,000, na kitako chake kina sentimeta 10 kwa 10, kila sentimeta ya mraba ya udongo hubebeshwa kilo 30. Mtu mzima wa kilo 60, ambaye nyayo zake mbili zina jumla ya sentimeta 400 za mraba, hubebesha udongo kilo 0.15 tu kwa kila sentimeta ya mraba. Hivyo jeki huukandamiza udongo mara 200 kuliko mtu huyo. Pahali ambapo mtu anatembea bila kuacha alama, jeki yaweza kuzama. Ukiweka chini ya jeki ubao mgumu na mnene wa sentimeta 50 kwa 50, mzigo huo utagawanywa katika sentimeta 2,500 za mraba, nayo kanieneo itashuka hadi kilo 1.2 hivi.

Sababu ya tatu ni magurudumu. Katika malori mengi breki ya mkono huyashika magurudumu ya nyuma. Yakiinuliwa hayo, breki hiyo haina tena kitu cha kushika ardhini, na yale ya mbele yako huru kuzunguka. Katika magari mengine breki hiyo hushika mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu. Hapo hata gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu huliruhusu lizunguke huku lenzake likizunguka upande wa pili, na lori hutembea ingawa breki imevutwa. Ndiyo maana magurudumu yanayobaki ardhini lazima yazuiwe kwa kabari, mbele na nyuma.

Sababu ya nne ni vitu visivyofaa kutumiwa kama nguzo. Tofali na bloku ya saruji huonekana imara, kwani hubeba nyumba. Lakini ukutani mzigo wake umesambazwa. Chini ya ekseli mzigo hukaa juu ya nukta ndogo, na tofali hupasuka mara moja bila kutoa dalili. Mawe yaliyopangwa huteleza. Ringi iliyosimamishwa haikutengenezwa kubeba mzigo kwa namna hiyo. Vifaa vinavyofaa ni stendi za chuma zilizoandikwa tani zinazoweza kubeba, zikitumiwa mbili mbili. Au magogo ya mbao ngumu yaliyochongwa mraba na kupangwa kwa kupishana, safu moja kwa urefu na inayofuata kwa upana, rundo lisizidi kwa kimo upana wa kitako chake. Mbao ngumu ina fadhila moja zaidi: ikizidiwa hubonyea na kulia kabla ya kuvunjika.

MAJARIBIO MANNE YA DARASANI

Somo hili halihitaji lori wala jeki ya kweli. Naomba hili lieleweke vizuri: mwalimu asithubutu kuinua gari mbele ya wanafunzi ili kuwaonyesha hatari. Vifaa vinavyohitajika hupatikana kwa urahisi, na vingine watoto wenyewe wanaweza kuvileta.

Jaribio la kwanza: jeki ya maji. Chukua mabomba mawili mapya ya sindano, moja dogo na moja kubwa, yasiyokuwa na sindano. Usiruhusu kamwe watoto kuokota yaliyotupwa. Yaunganishe kwa mpira mwembamba na uyajaze maji. Simamisha lile kubwa, weka kitabu juu yake, kisha mwanafunzi asukume lile dogo. Kitabu kitapanda. Waulize, "Ni nini kinakishikilia kitabu?" Watasema, "Bomba." Waache na jibu lao. Kisha chomoa mpira. Maji yatatoka na kitabu kitashuka. Rudia swali lile lile. Safari hii watasema, "Maji." Jaza upya, inua tena kitabu, weka vibiriti viwili chini yake, halafu chomoa mpira. Kitabu hakishuki. Hapo kanuni ya somo itatamkwa na wanafunzi wenyewe, nawe utaiandika ubaoni kwa maneno yao.

Jaribio la pili: kitako cha jeki. Jaza karai udongo uliolowana. Simamisha juu yake kijiti kinene na umwambie mwanafunzi akikandamize kwa kiganja. Kitazama. Weka kipande cha ubao, simamisha kijiti juu yake na ukandamize kwa nguvu ile ile. Hakizami, au huzama kidogo tu. Baada ya hapo fanyeni hesabu ya tani 3 iliyoelezwa juu. Hivyo somo la Hisabati huungana na Sayansi bila kulazimishwa.

Jaribio la tatu: breki ya mkono. Waombe watoto walete magari yao ya mbao au ya makopo. Chukua moja, funga magurudumu ya nyuma kwa uzi yasizunguke. Hiyo ndiyo breki ya mkono. Liweke juu ya ubao ulioinamishwa kidogo, kichwa kikielekea chini. Litatulia. Sasa ingiza chini ya sehemu ya nyuma betri ya tochi au kipande cha mti wa duara, magurudumu ya nyuma yaning'inie. Gari litateremka. Mtoto mwerevu atasema kuwa jeki haizunguki kama betri, naye apongezwe. Mjibu kuwa ni kweli, lakini jeki iliyosimama huanguka kwa urahisi, wala haina uwezo wa kulizuia gari lisisogee. Kisha weka vijiwe mbele ya magurudumu ya mbele na urudie jaribio. Gari litabaki mahali pake.

Jaribio la nne: chaki na kijiti. Mpe mwanafunzi mmoja chaki, mwingine kijiti kibichi, kila mmoja akunje polepole, wengine wakitazama na kusikiliza. Chaki hukatika ghafla. Kijiti hupinda, hulia, nyuzi zake hutokeza, ndipo hukatika. Waulize: "Ungekuwa umelala chini ya mzigo, ungependa ubebwe na kipi kati ya hivi?" Kutoka hapo ni hatua fupi kuelewa kwa nini tofali halifai na gogo linafaa.

UTARATIBU WA FUNDI ANAYEJALI

Majaribio yakiisha, wanafunzi watakuwa tayari kuupokea utaratibu wa kazi wenyewe, kwa sababu kila hatua sasa ina maana kwao. Utaratibu ni huu:

1. Lori lisimamishwe mahali tambarare na pagumu, mzigo na abiria washushwe.
2. Injini izimwe, gia iingizwe, breki ya mkono ivutwe.
3. Kabari ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki ardhini.
4. Jeki, ambayo tani zake zinatosha, ikae wima juu ya ubao mgumu, na kichwa chake kiguse ekseli au sehemu ya chasisi iliyo imara, kamwe kisiguse sampu wala gia boksi.
5. Lori liinuliwe kwa kimo kinachohitajika tu.
6. Stendi au magogo ya kimo sawa yawekwe pande zote mbili, chini ya ekseli au chasisi, huku mwekaji akibaki nje, mikono yake ikiwa mbali na mahali pa kubanwa.
7. Jeki ifunguliwe polepole hadi uzito wote ukae juu ya stendi. Baada ya hapo jeki yaweza kurudishwa iguse tu, iwe msaidizi.
8. Lori lisukumwe kwa mikono kutoka nje. Likitikisika, lishushwe na kazi ianze upya.
9. Hapo ndipo mtu aingie chini. Awapo huko, asiwepo mtu wa kupanda lori, kuwasha injini wala kugusa jeki.

Usiwasomee orodha hii ili waikariri. Andika kila hatua katika kipande chake cha karatasi, uzichanganye, ukigawe kila kikundi seti moja, nao wazipange. Vikundi vikitofautiana, usitoe hukumu mara moja, waache wajadiliane. Kisha ondoa karatasi moja na uulize, "Tukiiruka hatua hii, kutatokea nini?" Mwanafunzi anayeweza kueleza madhara ya kuiruka hatua ya saba ameelewa somo. Anayeweza tu kuitaja, bado.

Kwa darasa la saba waweza kuongeza swali moja la kufikiria: tipa ambalo bodi yake imeinuliwa linafananaje na lori lililo juu ya jeki? Bodi hiyo nayo hupandishwa kwa mafuta yaliyofungiwa. Basi fundi asiingie chini yake kabla ya kuweka mhimili wa chuma wa kuizuia. Mtoto akilifikia jibu hili kwa akili yake, ujue kuwa kanuni imehama kutoka jeki moja na kuingia katika fikra zake.

MAKOSA YA KUEPUKA

Wako walimu ambao hulifanya somo la usalama kuwa simulizi la kutisha. Huwaeleza watoto jinsi mtu alivyopondwa, darasa likanyamaza, na mwalimu akadhani amefundisha. Hofu hupita upesi. Tena mtoto aliyetishwa bila kuelezwa sababu, akiona mafundi kumi wakiingia chini ya gari lililo juu ya jeki pekee na wakatoka salama, atahitimisha kuwa mwalimu alimdanganya. Mwambie ukweli: mara nyingi jeki haianguki. Ndiyo maana watu huzoea. Lakini hakuna anayejua ni lini mpira utapasuka au udongo utalegea, na aliye chini ya tani 3 hana muda wa kutoka.

Kosa la pili ni kuwadharau mafundi. Baadhi ya wanafunzi ni watoto wao au wadogo zao. Fundi wengi wana ujuzi ambao sisi hatuna, na wanaofanya kazi bila stendi hufanya hivyo pengine kwa kukosa fedha au kwa kuharakishwa na mwenye gari. Ukiweza, mwalike fundi mmoja mwenye kujali aje azungumze na darasa. Ukiwapeleka watoto gereji, chora mstari ardhini mbali na gari, na pasiwe na atakayeuvuka.

Kosa la tatu ni kusahau kuwafundisha namna ya kukataa. Mtoto hukuzwa kuwatii wakubwa, na hilo ni jema. Lakini akiambiwa, "Ingia haraka ukamate nati hii," atajibuje? Wafanyieni igizo fupi. Mmoja awe fundi, mwingine awe kijana wake. Kijana aseme kwa heshima, "Shikamoo fundi. Naomba kwanza tuweke magogo, ndipo niingie." Fundi afoke. Kijana arudie maneno yale yale na abaki nje. Igizo hili huonekana dogo, ila ulimi ambao haujawahi kutamka neno fulani huwa mzito siku ya haja.

Wafundishwe pia kuwa gari likimwangukia mtu, mtoto asiingie chini kumvuta, bali apige kelele kuwaita watu wazima. Nao wakiliinua tena gari, waweke magogo kila linapopanda, lisije likaanguka mara ya pili.

MASWALI YA KUPIMIA

1. Eleza tofauti ya kazi ya jeki na kazi ya stendi.
2. Jeki imebeba kilo 2,000, na kitako chake kina eneo la sentimeta 80 za mraba. Kila sentimeta ya mraba ya udongo imebeba kilo ngapi? (Jibu: 25.)
3. Kwa nini breki ya mkono peke yake haitoshi magurudumu ya nyuma yanapoinuliwa?
4. Fundi ametumia matofali manne yaliyopangwa. Mweleze kwa adabu kwa nini abadilishe.

HITIMISHO

Mwanachuo niliyemtaja mwanzoni alilifundisha somo lake upya wiki iliyofuata, kwa bomba la sindano na vibiriti viwili. Mwishoni alimwuliza yule mtoto swali nililomwuliza kule uwanjani. Mtoto alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kulikuwa hakuna kitu, Mwalimu. Kulikuwa na jeki tu."

Hilo ndilo jibu tunalolitafuta. Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari. Wajibu wa mwalimu ni kumpa mtoto sababu za tahadhari hiyo, ili siku atakapokuwa peke yake mbele ya lori lililoinuliwa, akumbuke kuuliza ni nini kinachoubeba uzito ule, na asiingie chini yake kabla ya kuliona jibu kwa macho yake.